Fueli yabisi ya roketi isiyo na moshi mchafu wala joto kali: ipo?

MwalimuFizikia_Ruashi (Lubumbashi)

Jambo wandugu. Klabu ya sayansi ya shule yetu ina wanafunzi 24 wa miaka ya mwisho ya sekondari, na wameomba mwaka huu tufanye roketi. Wameona video za roketi kubwa zikiacha wingu jeupe zito, sasa wanauliza maswali ambayo vitabu vyetu havijibu:

1. Lile wingu jeupe ni nini hasa, na kwa nini fueli yabisi inachafua kuliko ya majimaji?
2. Je, kuna fueli yabisi inayowaka kwa usafi na kwa joto la chini? Kama ipo, kwa nini haitumiki kila mahali?
3. Klabu kama yetu, yenye kiwanja cha mpira na pompi ya kinga (baiskeli), inaweza kujenga kitu gani cha kweli, chenye hesabu ndani yake?

Nataka majibu yenye namba, ili wayafanyie kazi darasani.

Kadutu_Thermo (Bukavu)

Mwalimu, swali la kwanza linajibiwa kwa uzito wa molekuli tu, wanafunzi wako wataliweza kwa chaki na ubao.

Chukua zile roketi mbili za pembeni za Space Shuttle, zilizoruka kati ya 1981 na 2011. Muundo wake uko wazi: amoni perklorati (chumvi inayotoa oksijeni ya kuchomea) asilimia 69.6, unga wa alumini asilimia 16, na kinachobaki karibu chote ni mpira wa polima unaoshika mchanganyiko na kuwaka pia kama fueli. Kila roketi ilibeba karibu tani 500 za mchanganyiko huo.

Perklorati ni NH4ClO4, uzito wa molekuli 117.5. Klorini yake ikitoka kama HCl, yenye uzito 36.5, basi 0.696 × 36.5 ÷ 117.5 = 0.216. Yaani zaidi ya sehemu ya tano ya fueli inageuka haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu ni tindikali ya haidrokloriki. Alumini nayo: 0.16 × 102 ÷ 54 = 0.302, hiyo ni alumina, Al2O3. Zidisha kwa tani 500: karibu tani 108 za HCl na tani 151 za alumina kwa roketi moja, na ziliruka mbili kwa pamoja. Wingu jeupe ni vumbi la alumina pamoja na matone ya tindikali. Pale Florida, wingu hilo liliua samaki kwenye maji ya kina kifupi karibu na jukwaa la kurushia. Na sehemu inayotoka juu, kwenye tabaka la ozoni, inapeleka klorini palepale isipotakiwa.

Perklorati yenyewe, hata kabla haijawaka, ikimwagika inayeyuka majini na kusafiri mbali chini ya ardhi. Mwilini inazuia tezi ya shingo kuchukua iodini. Sisi wa upande wa Kivu, tunaokijua kisiwa cha Idjwi na historia yake ya goita kwa upungufu wa iodini, hatuhitaji kuelezwa mara mbili maana ya jambo hilo.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo tamu. Watu wengi hudhani roketi inataka moto mkali kadiri iwezekanavyo. Si kweli. Kasi ya gesi inayotoka kwenye nozeli (mdomo wa injini) inafuata kipeuo cha pili cha T ÷ M, yaani joto gawanya kwa uzito wa wastani wa molekuli za gesi. Linganisha gesi mbili za kubuni:

Ya kwanza: T = 3,400 K, M = 28. Kipeuo cha pili cha 121.4 ni 11.0.
Ya pili: T = 2,000 K, M = 20. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10.0.

Umepunguza joto kwa digrii 1,400 na umepoteza asilimia 9 tu ya kasi. Ndiyo maana injini za haidrojeni na oksijeni za majimaji hazichomi kwa uwiano kamili wa 8 kwa 1. Zinatumia karibu 6 kwa 1, haidrojeni ibaki nyingi, gesi iwe nyepesi na moto upoe. Joto likishuka, koo la nozeli haliliki haraka, kinga ya ndani inaweza kuwa nyembamba, na uzito uliookolewa unarudi kama mzigo.

Kwa hiyo njia za kupata fueli yabisi safi na baridi zinajulikana. Kila moja ina deni lake.

Kuondoa alumini: moshi unapungua sana na joto linashuka. Lakini alumini ni nzito, kwa hiyo bila hiyo tenki lilelile linabeba uzito mdogo wa fueli. Na kuna jambo ambalo watu hulisahau: vitone vya alumina ndani ya chumba hunyonya mawimbi ya sauti. Ukiviondoa, chumba kinaweza kuanza kuimba kama filimbi, presha ikapanda na kushuka mamia ya mara kwa sekunde, na injini ikapasuka bila kosa lingine lolote.

Kuweka kitu cha kukamata klorini: nitrati ya sodiamu ikiwa ndani, klorini inatoka kama chumvi ya kawaida, NaCl, badala ya HCl. Tindikali inakwisha, lakini nguvu inashuka na chumvi inaongeza moshi.

Kubadilisha perklorati kwa nitrati ya amoni: hakuna klorini kabisa na joto liko chini. Tatizo ni kwamba nitrati hiyo hubadilisha umbo la fuwele zake kwenye 32°C, na ujazo wake huongezeka karibu asilimia 3.6. Oktoba huko Lubumbashi joto la mchana linafika hapo, usiku linashuka. Fueli inavimba na kusinyaa kila siku mpaka inapasuka ndani. Pia hunyonya unyevu na huwaka polepole mno. Viwandani huichanganya na viungo vya kuituliza, na hata hivyo haijafikia perklorati kwa nguvu.

Amoni dinitramidi: iligunduliwa Umoja wa Kisovieti mwaka 1971. Haina klorini na ina nguvu. Ni ghali, hunyonya unyevu, huyeyuka kwenye 93°C. Mafanikio yake ya wazi mpaka sasa ni kwenye fueli ya majimaji: setilaiti ya Sweden iitwayo PRISMA iliipeleka angani mwaka 2010.

Alumini na barafu: unga mwembamba sana wa alumini unaogandishwa pamoja na maji. Oksijeni inatoka kwenye maji yenyewe, na gesi ni haidrojeni. Roketi ndogo ya aina hiyo iliruka Marekani mwaka 2009, ikafika karibu mita 400. Safi kwa klorini, lakini moto wake bado ni mkali na alumina ipo palepale.

Mwanafunzi anayetaka kwenda mbali zaidi aitafute programu ya CEA ya NASA, kazi ya Gordon na McBride. Unaipa viungo, presha ya chumba na upana wa nozeli, nayo inakupa T, M na orodha ya gesi zitakazotoka. Hapo unaweza kupunguza alumini kutoka asilimia 16 hadi 0, hatua kwa hatua, ukachora grafu ya joto na ya HCl, bila kugusa kemikali hata moja.

Fundi_Mdogo_Himbi (Goma)

Aksanti kwa somo hili. Lakini kwenye intaneti naona watu wanachanganya sukari na mbolea na roketi inaruka. Hiyo si rahisi zaidi kwa klabu?

Kadutu_Thermo (Bukavu)

Mdogo wangu, hapana, na nitakupa sababu ya hesabu.

Presha ndani ya injini ya fueli yabisi haipandi sawasawa na eneo linalowaka. Inapanda kwa eneo hilo likiwa na kipeo cha 1 ÷ (1 − n), ambapo n inaeleza jinsi presha inavyoharakisha uwakaji. Tuseme n ni 0.35 na ufa mmoja umeongeza eneo kwa asilimia 20. Presha inapanda kwa asilimia 32. Kama n ni 0.7, ufa uleule unapandisha presha kwa asilimia 84. Ufa huo unaweza kuwa ndani, usionekane. Unaweza kutokana na kiputo cha hewa, na unyevu, au kuangushwa mara moja mezani. Viwanda hupiga injini picha za eksirei kwa sababu hii. Shule haina eksirei, ina watoto waliosimama karibu.

Na hiyo ya sukari haijibu swali la mwalimu hata kidogo: moshi wake mweupe ni kabonati ya potasiamu, vumbi tupu. Ongeza kwamba hapa kwetu, Goma, Bukavu au Lubumbashi, ukikutwa na bomba lililojazwa mchanganyiko wa kulipuka hakuna atakayekusikiliza ukisema ni sayansi. Sitaandika vipimo vyake hapa na naomba asiviandike mwingine.

Atelie_Kampemba (Lubumbashi)

Mwalimu, mimi nijibu la tatu. Injini safi na baridi kuliko zote tayari unayo: maji na hewa iliyoshindiliwa. Hesabu zake ni zilezile za roketi kubwa, na kama utakavyoona chini, ubaridi wake ni wa kweli.

Vitu: chupa ya soda ya lita 1.5 (ya soda yenye gesi, si ya maji ya kunywa, hiyo ni nyembamba), tiyo (bomba) ngumu ya PVC ya milimita 20 kwa nje, pete ya mpira yenye unene wa milimita 1.5, vifungo vya nailoni vya kufungia waya 8 hadi 10, kipande cha PVC cha milimita 50 chenye urefu wa sentimita 10, valvu ya mpira wa ndani wa pikipiki, pompi ya kinga yenye manometa (kipimo cha presha), kamba mita 15, na vigingi vitatu vya chuma vya sentimita 30 vya kushikilia kitako ardhini.

Mdomo wa chupa una kipenyo cha ndani karibu milimita 21.7. Pima kwa kaliper, maana si chupa zote ziko sawa. Tiyo ya 20 inaingia ikiwa na nafasi, hiyo nafasi inazibwa na pete. Kwa tupa, chora mfereji wa nusu milimita kuzunguka tiyo. Usizidishe, ukuta wa tiyo una milimita 1.5 tu. Pete ikikaa mferejini inatoka nje mpaka milimita 22, kwa hiyo inabanwa kwa 0.3. Ikibanwa zaidi ya hapo chupa haitaki kutoka. Ikibanwa kidogo inavuja. Paka sabuni ya maji, si mafuta.

Juu ya pete, acha sentimita 20 za tiyo ziingie ndani ya chupa. Kazi yake ni mbili. Hewa inatokea juu ya maji bila kuyachemsha kwa viputo. Halafu, wakati wa kuachia, tiyo inafanya kazi kama pistoni ya injini: kwa bar 4 inasukuma chupa kwa karibu N 126 katika umbali wa 0.2 m, hiyo ni J 25. Kwa roketi ya kilo 0.62 ikiwa na maji, inapata karibu 8 hadi 9 m/s kabla maji hayajaanza kutoka.

Vifungo vya nailoni vifungwe kuizunguka tiyo, vichwa juu, ili vikamate kola ya shingo ya chupa. Kipande cha PVC cha 50 kinapanda na kuvibana. Kikiwa kimelegea, zungusha skochi (utepe wa gundi) kwa ndani. Ukikivuta chini kwa kamba, vichwa vinafunguka vyote kwa pamoja na chupa inaondoka. Kwa bar 4 chupa inavuta juu kwa karibu N 150, sawa na uzito wa kilo 15, ndiyo sababu ya vile vigingi vya ardhini. Kitako kisichoshikiliwa kinaruka pamoja na roketi.

Roketi yenyewe: mabawa matatu ya plastiki ya mabango, kila moja sentimita 12 kwenye mwili na sentimita 8 kutoka nje, yawe upande wa mdomo. Puani weka udongo wa mfinyanzi gramu 40. Jumla ikiwa tupu iwe karibu gramu 120. Kabla ya kurusha, ifunge kwa uzi wa mita 2.5 mahali inapolingana na uizungushe kichwani. Pua ikitangulia, iko sawa. Ikizunguka ovyo au kutanguliza mkia, ongeza udongo puani, usikimbilie kuongeza mabawa.

Gundi ndipo wengi wanapoharibu. Gundi yenye kiyeyushi na gundi ya moto zinaidhoofisha PET, yaani plastiki ya chupa. Usikwaruze chupa kwa msasa pia: mkwaruzo ni mwanzo wa ufa. Tumia skochi au gundi ya poliurethani.

Sasa namba, kwa lita 0.5 za maji na bar 4 kwenye manometa. Kasi ya maji mwanzoni ni kipeuo cha pili cha 2 × 400,000 ÷ 1,000, sawa na 28 m/s. Msukumo ni 2 × presha × eneo la mdomo, karibu N 296. Hewa ikipanuka kutoka lita 1 hadi 1.5, presha inashuka hadi karibu bar 1.9 na kasi inakuwa 19. Chukua wastani wa 24 m/s. Maji yote yanaisha ndani ya sekunde 0.06. Kasi ya roketi: 24 × ln(0.62 ÷ 0.12) = 39 m/s. Bila kizuizi cha hewa hiyo ni karibu mita 78 juu. Kizuizi kitakula sehemu kubwa, na tofauti kati ya 78 na mtakachopima ndiyo somo lenyewe.

Msukumo mahususi, yaani kipimo cha jinsi kila kilo ya fueli inavyosukuma: 24 ÷ 9.8 = sekunde 2.4. Roketi za pembeni za Shuttle zilikuwa na karibu 242 usawa wa bahari. Mara mia. Hapo wanafunzi wataelewa kwa nini watu wanavumilia ule moto.

MwalimuFizikia_Ruashi (Lubumbashi)

Wakubwa, aksanti sana. Mawili yamebaki. Urefu wetu kutoka usawa wa bahari unabadilisha kitu? Na nawahakikishiaje wazazi kwamba chupa haitapasukia watoto?

Atelie_Kampemba (Lubumbashi)

Urefu: tuko karibu mita 1,200, hewa ya nje ni kama bar 0.88. Manometa inapima tofauti na nje, kwa hiyo msukumo unabaki uleule. Kinachobadilika ni kizuizi cha hewa, kinapungua kidogo, na hiyo ni faida yenu.

Usalama: jaribu kila chupa kwa maji kwanza. Ijaze maji mpaka juu kabisa bila hewa, ipandishe hadi bar 6, iache dakika 5. Maji hayashindiliki, kwa hiyo ikipasuka inamwagika tu. Lita 1 ya hewa kwa bar 4 ni jambo lingine: ina karibu J 470, sawa na jiwe la kilo 1 lililoanguka kutoka mita 48. Kwa hiyo bar 4 ndiyo kikomo chenu, hata pompi ikitaka kuendelea. Anayepompa awe umbali wa mita 5 akiwa na miwani ya kinga, wengine mita 15. Chupa yenye mkunjo mweupe hutupwa. Zote zitupwe baada ya kurushwa mara 15. Na roketi isipoondoka baada ya kuvuta kamba, hakuna anayeisogelea: toa presha kwanza kwenye valvu ya upande wa pompi, ndiyo maana valvu hiyo haikai kwenye chupa bali mwisho wa tiyo ndefu. Chagueni asubuhi ya kiangazi, Juni au Julai, kabla upepo haujaanza, na mbali na njia ya ndege za uwanja wa Luano.

Kuhusu ubaridi niliosema: hewa ikipanuka haraka kutoka lita 1 hadi 1.5, joto lake la K 293 linazidishwa kwa 0.85. Hiyo ni K 249, yaani −24°C. Mvuke uliomo unageuka kuwa ukungu na kuirudishia hewa joto kidogo, kwa hiyo haitafika chini kiasi hicho. Mkiokota chupa mtauona ukungu mweupe ndani. Waulize wanafunzi una tofauti gani na lile wingu jeupe la Florida.

Kadutu_Thermo (Bukavu)

Ongeza jaribio moja, mwalimu. Rusheni kwa lita 0, 0.3, 0.5, 0.7 na 1.0, mara tatu kila kiasi, presha ileile. Simama mita 50 kutoka jukwaani, pima pembe ya kilele kwa protrakta yenye uzi na jiwe: urefu ni 50 × tan ya pembe, ongeza urefu wa jicho.

Ile ya lita 0 ndiyo ya kutazama vizuri. Hewa peke yake inatoka kwa karibu 300 m/s, kasi mara kumi na zaidi ya maji, kwa hiyo msukumo wake mahususi ni mkubwa zaidi. Lakini ndani ya chupa mna gramu 9 tu za hewa, na jumla ya msukumo haifiki N·s 3, wakati nusu lita ya maji inatoa N·s 12. Mwanafunzi atakayeeleza kwa nini hewa yenye kasi inashindwa na maji ya polepole ndiye wa kukalishwa kwenye kompyuta yenye CEA.